Sifa za Mtunza Daftari la Majina

Mtu aingiaye katika ofisi za Uvira, mji uliolazwa baina ya milima ya Mitumba na maji ya Tanganyika, hatakawia kutambua kwamba karatasi ingali na enzi yake huko, kwani hati za shehena ishukayo bandarini Kalundu, orodha za wagonjwa na mikataba yenye mihuri, zote hulazwa juu ya kioo cha mashini ya fotokopi kabla ya kupelekwa zinakotakiwa. Nimekusudia kumsifu yule fundi aiunganishaye mashini hiyo na daftari la majina la mtandao, hata karani akabonyeza herufi tatu za jina la mwenziwe, anuani ikadhihiri kamili, na waraka ukamfikia mwenyewe.

Kanuni ya mazungumzo baina ya mashini na daftari hilo, iitwayo LDAP, ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ikatangazwa mwaka 1993 ili kuwapunguzia watu uzito wa X.500 iliyoitangulia. Waliotunga daftari hilo waliweka nafasi ya jina la ukoo, ambayo ni haramu kuachwa tupu, na nafasi ya jina la kupewa. Ilhali Mkongomani, tangu Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 na watu wakashika postinomu, yaani jina lifuatalo lile la ukoo, mahali pake, na baadaye majina yale yakarejea bila ya postinomu kuondoka, huandikwa kwa majina matatu. Fundi mwenye haraka hulitupa la kati. Fundi stadi, akijua kwamba wawili wa idara moja huweza kulingana kwa jina la ukoo na kwa prenomu, yaani jina la kupewa, wakapambanuliwa na postinomu pekee, huyakusanya yote matatu katika jina la kuonyeshwa, akaiamuru mashini itafute humo, kisha akajaribu kwa postinomu peke yake mpaka nafsi yake itulie. Hapa ndipo nionapo adabu kuu ya ufundi huu, na sioni kwamba inathaminiwa ipasavyo.

Mashini nayo fundi huyo huifungulia akaunti yake yenyewe, yenye idhini ya kusoma tu, wala haiazimi ile ya msimamizi, kwa kuwa husimama ukumbini ambako kila mpita njia huifikia, na siri iliyohifadhiwa ndani yake yaweza kuchopolewa.

Kuna tena jambo la saa. Umeme ukatikapo na kurudi, mashini kongwe husahau wakati. Na palipo na Kerberos, kanuni ya kuthibitisha utambulisho inayotegemea saa, tofauti ya saa ya mashini na ya seva ikizidi dakika 5, kwa kawaida seva huikataa hata nenosiri likiwa sahihi. Wengine hubadili nenosiri mara baada ya mara bila ya faida. Fundi mjuzi hutazama kwanza saa, akaielekeza mashini ichukue wakati kwa seva ile ile itunzayo daftari, na betri ndogo ya saa, ikiwa imechoka, akaibadili kabla ya kurudisha kifuniko.