Butiama inavyomvua Mwalimu hekaya

Huko Iga, Japani, kuna makumbusho ya ninja yenye kibarua kigumu: wageni wengi huingia wakiwa na ninja wa sinema kichwani. Wanajibiwa kwa vitu. Wanaonyeshwa nyumba yenye milango ya siri na zana za kazi, mpaka waelewe kwamba shinobi, yaani ninja wa kweli, alikuwa mpelelezi, aliyejifanya mchuuzi au mtawa ili asitambulike. Zile nguo nyeusi zimetokana zaidi na jukwaa la maigizo.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, yana kibarua hichohicho cha kumtenganisha mtu na hekaya yake. Kwao ni kizito zaidi, maana mwenyewe amezikwa kijijini hapohapo. Ukitoka Bunda kwenda Musoma, unakata kulia pale Makutano.

Mbinu iliyotumika ni kuvipa nafasi vitu vidogo: viatu vyake, shajara, na zaidi ya yote kurasa za Jamhuri ya Plato alizozitafsiri kwa mkono wake. Kitabu kilichochapwa huficha jasho la mwandishi, mwandiko hauwezi. Ni mtu huyuhuyu aliyetoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya 1969, akiwa rais wa nchi. Mbele ya kurasa zile unakutana na fundi wa lugha, si ile picha inayotundikwa ofisi za serikali.

Vifaa vya jadi vya Wazanaki, kabila lake, vilivyomo humo vina kazi nyingine. Tumezoea kusikia kwamba Mwalimu alikuwa mtoto wa chifu, tukawaza kiti cha enzi cha karne na karne. Uchifu wenyewe ulikuwa mchanga: baba yake, Mzee Burito, alisimikwa na Wajerumani mwaka 1915, Waingereza wakamwacha aendelee. Mwalimu mwenyewe, Kambarage, akazaliwa 1922, na shule alianzia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Ila mbinu hii ina mahali inapokwama. Kiatu kinamweleza mtu vizuri; hakiwezi kueleza uamuzi. Operesheni Vijiji iliyohamisha mamilioni ya watu miaka ya 1970 haionekani kwenye soli. Ningependa uamuzi huo ujadiliwe palepale Butiama, mbele ya wageni. Anayetaka habari zaidi za siasa iliyozaa operesheni hiyo anaweza kusafiri hadi Arusha, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha.