Koili ya Tesla: refusha cheche kabla ya kuongeza wati

Anayejenga koili ya Tesla nyumbani akiona cheche zake ni fupi, kwanza hutamani transfoma kubwa zaidi. Hesabu inampinga. Mafundi wa koili zenye pengo la cheche wana kanuni iliyotokana na vipimo: chukua kipeuo cha pili cha wati zinazoingia, zidisha kwa 4.3, nawe utapata kwa sentimita urefu ambao koili iliyopatanishwa vizuri huweza kufikia. Wati 450 hutoa kama sentimita 91. Wati 900 hutoa 129. Umeme umeongezeka maradufu, cheche imerefuka kwa asilimia 41 tu. Basi koili ya wati 450 inayotoa sentimita 40 haihitaji umeme zaidi. Ule ilio nao unapotea njiani.

Tuchukue koili ya kawaida: transfoma ya mabango ya neoni ya volti 15,000 na miliampia 30, koili ya pili ya mizunguko 900 kwenye bomba la PVC la milimita 110, kimo sentimita 50, na juu yake donati ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 40. Kwa hesabu, koili hiyo ya pili hutetema kwa masafa ya kilohezi 250 hivi.

Hapa ndipo urefu mwingi hupotea. Mjenzi hupima masafa hayo koili ikiwa imetulia, huipatanisha nayo barabara koili ya kwanza, ile ya chini inayolishwa na kapasita kupitia pengo la cheche, kisha huwasha. Lakini cheche ikishatoka, nayo ni sehemu ya saketi. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila sentimita 30 za cheche huongeza pikofaradi 1 kwenye donati. Cheche ya sentimita 90 huongeza pikofaradi 3 juu ya 23 za koili ya pili na donati yake, na masafa hushuka hadi karibu kilohezi 235. Koili mbili zilizokuwa zinapatana zinaachana wakati uleule cheche inapokua.

Dawa yake ni kuipatanisha koili ya kwanza chini kidogo ya masafa yaliyopimwa. Funga msumari uliochongoka kwenye donati ili cheche itokee mahali pamoja, kisha simika mbele yake fimbo ya shaba iliyoungwa kwenye erthi. Washa kwa muda mfupi, zima, chomoa plagi, toa chaji ya kapasita, halafu sogeza klipu ya koili ya kwanza robo mzunguko kuelekea nje. Kila cheche inapoifikia fimbo, isogeze fimbo mbali zaidi. Kwa koili hii, mahali bora huwa kama nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja kupita pale hesabu ya koili tulivu ilipoelekeza. Cheche zikianza kutambaa kwenye waya wa koili ya pili, koili zimekaribiana mno: inua ya pili kidogo.

Linalofuata ni pengo la cheche. Hewa ya pengo moja pana hubaki na joto, umeme huendelea kupita, na nishati iliyokwisha kupanda hurudi chini na kuishia kwenye joto hilo. Vipande sita au saba vya bomba la shaba vilivyopangwa sambamba hugawa pengo hilo kuwa membamba kadhaa, na feni huondoa hewa moto.

Kapasita nayo ina kipimo chake. Kwenye umeme wa hezi 50, nanofaradi 6.4 huingia katika resonansi na transfoma hii, volti hupanda kupita kiasi na transfoma huweza kuungua. Mara moja na nusu ya hapo, yaani 9.5 hivi, ni salama zaidi kwa transfoma na hubeba nishati kubwa kwa kila mlipuko. Tumia za polipropileni, nyingi kwa mfululizo.

Mwisho, ncha ya chini ya koili ya pili iwe na erthi rodi yake kwenye udongo wenye unyevu. Erthi ya nyumba itasambaza volti za masafa ya juu hadi kwenye vyombo vya ndani.

Transfoma hii huua, na kapasita huua hata baada ya kuzimwa. Kila kapasita ifungwe rezista ya kuiondolea chaji, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha kwa sababu ya ozoni. Cheche ikishakaribia sentimita 91, hapo ndipo transfoma kubwa inapostahili pesa yake.