Wino Usionywewa, Nguva Asiye na Mshono

Dondosha tone la wino kwenye karatasi ya daftari, litanywewa papo hapo. Lidondoshe kwenye jalada la plastiki, lile tunalofunikia madaftari ya watoto, uone. Linakaa juu juu, linajikusanya, ukilipuliza linatetemeka. Asubuhi utakuta katikati pamefifia na pembeni pamezungukwa na ukingo mweusi, kama doa la ngozi au ramani ya kisiwa. Nimelijaribu jambo hili mara kadhaa mezani kwangu, kwa sababu nilitaka kujua msanii Wangechi Mutu anaipataje ngozi ya wanawake wa kazi zake.

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale, na kilichomtangaza kwanza ni kolaji alizotengeneza juu ya Mylar, karatasi laini ya plastiki isiyonywa wino. Wengi huzungumzia vipande anavyobandika: midomo kutoka magazeti ya mitindo, viungo vya wanyama, vipuri vya pikipiki. Mimi naona nusu ya kazi imekwisha kabla ya mkasi. Wino juu ya plastiki hauamrishwi, huelekezwa tu. Unapokauka huacha mabaka ambayo hujui kama ni ugonjwa, urembo au gome la mti, na mwanamke huyo tayari ni kiumbe wa porini hata kabla hajapewa kwato.

Kisha vinakuja vipande, na Mutu hafichi mshono. Jicho huzidi uso unaolibeba, na midomo ina rangi isiyolingana na kidevu. Katika mfululizo wake wa kolaji 12 juu ya uvimbe wa mfuko wa uzazi, alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, ile iliyompasua mwanamke ili aeleweke, akaibandikia macho, pua na vinywa, na kuinyunyizia vumbi la kumetameta. Mchoro uliotengenezwa ili utazamwe sasa unakutazama. Kwangu hii ndiyo kazi yake kali kuliko zote: kwa gundi na karatasi tu, amemrudishia mwanamke siri aliyokuwa amenyang'anywa.

Ila mbinu hiyo ina mpaka. Mtazamaji akishazoea kolaji, hukaa akihesabu vipande: hiki kimetoka wapi, kile cha mnyama gani. Fumbo linageuka chemshabongo.

Mwaka 2014 Mutu alifungua maonyesho London, katika jumba la Victoria Miro, akayaita kwa Kiswahili: Nguva na Nyoka. Neno hilo la kwanza lina uzito ambao msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Nguva ni mnyama anayelisha kwenye nyasi za bahari, ananyonyesha, na chuchu zake ziko karibu na kwapa, nyuma ya mapezi. Nguva pia ni yule mwanamke wa masimulizi anayetoka majini. Lugha nyingine zimewatenganisha kwa majina mawili. Sisi tumewaacha ndani ya neno moja.

Sanamu yake ya mwaka 2017, Water Woman, inalifuata neno hilo kwa njia ambayo kolaji isingeweza. Ni ya bronzi. Bronzi huyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, na inapopoa mwili mzima umekuwa wa asili moja. Hakuna kipande kilichokopwa gazetini. Rangi nayo ni moja, nyeusi iliyokolea, hivyo hata kivuli hakikusaidii kuchora mpaka. Mwanamke ameketi kwa utulivu, nusu binadamu, nusu wa majini, na mwanga unateleza kutoka begani mpaka mkiani bila kukwama popote. Uhodari uko kwenye kulainisha: mkunjo mmoja tu mkali kiunoni ungetosha kumkata vipande viwili, akawa mtu aliyevishwa mkia wa samaki.

Jina ndilo linalonisumbua. Water Woman linamtaja mwanamke na kumwacha mnyama nje, ilhali mikono iliyomfinyanga ilikataa kuchagua. Angeitwa Nguva tu. Nimezitazama picha za sanamu hiyo mbele, nyuma na ubavuni, nikitafuta mahali kiuno kinapokoma na mkia unapoanza. Bado sijapaona.