Risasi na Kadiri Yake

Katika mtaa wetu wa Mukuru kwa Reuben, ubavuni mwa viwanda vya Nairobi, ambako bunduki haitajwi ila kwa khofu, wamo wazee wa Kikamba ambao ujana wao waliupitisha wakiwabebea wawindaji bunduki, kabla Serikali haijapiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977. Nao, mazungumzo yakinoga, hawasimulii urefu wa pembe, bali husimulia risasi: ipi ilimfaa mnyama yupi, na kwa sababu gani.

Ilimu hiyo ina adabu yake. Kulungu hukaa vichakani, na mwindaji humwona kwa ghafula, tena kwa karibu. Kwa hiyo hana haja ya risasi ya mbio, maana iliyo nyepesi na kasi mno, ikigonga mfupa wa bega, huweza kupasuka kabla ya kufika moyoni, na mnyama akaenda zake na jeraha. Risasi ya milimita 7, nzito kiasi, yenye ncha laini ifumukayo mwilini, yamtosha kabisa. Swala granti ni mkaazi wa mbuga wazi, hupigwa kwa mbali, na hapo ndipo kasi ipatapo heshima yake, kwa kuwa risasi iendayo upesi hukawia kuinama. Ama pofu, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 900, ni hesabu nyingine, na risasi ya inchi .375 iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912 haimzidi.

Wengi hudhani kwamba ukubwa wa mtutu hufidia upungufu wa shabaha. La hasha! Bunduki kubwa ina teke, na bega lililokwisha kulionja hujikunja kabla kidole hakijafyatua. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ngumu za milimita 7, kwa kuwa alijua barabara ubongo ulipo ndani ya lile fuvu. Mauaji hayo siyasifu. Ustadi siwezi kuukana. Lakini asiye na jicho lake na asimwige.

Sifa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mbeba bunduki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, alikuwa na Springfield ya .30, Winchester ya .405 na Holland ya mitutu miwili, na mtu wa nyuma yake ilimpasa kujua, kwa kishindo tu cha majani, ni ipi ya kumpa, mithili ya fundi wa jua kali anyooshaye mkono kwenye sanduku na kuitoa ncha ya keekee impasayo bila kutazama. Akikosea, faru hangojei wabadilishane. Nimewauliza wazee wa kwetu walivyojifunza hayo, wakanijibu kwamba mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kushika bunduki yoyote. Walibeba maji, na kutazama.