Fimbo ya Mbali: Juu ya Diwani, Sheha na Kura ya Makoongwe

Mwaka wa uchaguzi ukifika, midomo ya watu hujaa habari za Rais, na baada yake za Wabunge na Wawakilishi. Habari za diwani huja mwisho, tena kwa haraka. Katika insha hii nataka kuupindua utaratibu huo, nianze na aliye mdogo. Nitauchunguza uchaguzi wa diwani na cheo cha sheha katika visiwa vya Unguja na Pemba, na mahali nitakapopachukua pawe mfano ni padogo sana, yaani Makoongwe. Maana mwalimu akitaka wanafunzi waujue mti, huwapa jani moja walitazame vizuri.

Makoongwe ni kisiwa kidogo kilichoelekeana na bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Ni shehia mojawapo ya Wilaya ya Mkoani, na watu wake ni wavuvi na wakulima. Mwenye kutaka soko kubwa, au ofisi ya Wilaya, au Hospitali ya Abdalla Mzee, hana njia ila kuvuka maji. Basi mambo ya serikali yamgusayo mtu wa huko kila siku si mengi: mahali pa kushukia chomboni, maji ya kunywa, skuli ya watoto, na chombo cha kumvusha mgonjwa usiku. Yote hayo ni mambo ya karibu. Swali langu ni hili: mtu wa Makoongwe akitaka kuuliza juu ya mambo hayo, amwulize nani? Tena, je, kura yake yamfikia huyo aulizwaye?

Sisi walimu twapenda kuanza na maneno, kwa kuwa neno mara nyingi huhifadhi habari ambayo watu wameisahau. Diwani na sheha ni majina ya kale katika visiwa hivi. Kabla Waomani hawajaishika Pemba katika karne ya 19, wakubwa wa kisiwa hicho waliitwa madiwani. Na huko Unguja masheha walikuwa mikono ya Mwinyi Mkuu katika miji na vijiji. Majina yote mawili yalikuwa ya watu waliokaa pamoja na wale waliowaongoza, wakijulikana kwa sura na kwa nasaba. Siku hizi majina yamebaki, lakini njia ya kuyapata imeachana. Diwani huchaguliwa kwa kura na watu wa wadi yake. Sheha hapigiwi kura na mtu yeyote. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa shauri la Mkuu wa Wilaya, na wakubwa hao wawili nao wameteuliwa.

Sasa tuzitazame kazi zao. Diwani huingia katika baraza pamoja na wenzake, wakazungumza juu ya taka, masoko, ushuru na njia ndogo. Fedha za baraza ni chache, na mambo mengi makubwa yako mikononi mwa wizara. Lakini sheha, kwa sheria, ndiye mtumishi wa Serikali katika shehia yake. Yeye hutimiza amri za Serikali, husuluhisha ugomvi wa nyumba na wa majirani, huweka hesabu ya waliohamia na waliohama, na hupokea habari za mikutano ya hadhara. Mtu akihitaji kujulikana kuwa ni mkaazi wa mahali, humwendea sheha. Basi twaona jambo la ajabu: yule aliyechaguliwa hana nguvu nyingi, na yule mwenye nguvu hakuchaguliwa. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kura ya mtu wa Makoongwe ni fimbo nzuri, walakini imewekwa mbali na nyoka.

Hii ndiyo kasoro ya kwanza. Nayo si ya maneno tu, kwa kuwa nguvu ya sheha imeingia hata katika kura yenyewe. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, kisha kikatakiwa kwa kila mwenye kutaka kuandikishwa katika daftari la wapiga kura. Njia ya kukipata ilipita kwa sheha. Mwaka 2009 uandikishaji kisiwani Pemba uliingia ugomvi mkubwa, kwa sababu watu wengi walisema wamenyimwa kitambulisho, na kwa hiyo wamenyimwa kura. Sitaki kuamua hapa nani alisema kweli katika kila nyumba. Natazama umbo la jambo lenyewe. Mtumishi ambaye watu hawawezi kumwondoa kwa kura ndiye aliyewekwa mlangoni pa kura zao. Hata akiwa mwadilifu kama mizani, atashukiwa. Na mwenye kushukiwa kila siku na majirani zake hawezi kuwasuluhisha vizuri wakigombana.

Kasoro ya pili ni kwamba kura ya diwani imefungwa pamoja na kura kubwa, kama kijitumbwi nyuma ya jahazi: jahazi likizama, nacho huzama. Ushahidi wake ni mwaka 2015. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo mpiga kura wa Pemba alipewa karatasi tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya Mbunge, ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi, na ya diwani. Tarehe 28, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kwamba uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Karatasi mbili za Muungano zikasimama, na tatu za Zanzibar zikaanguka, ingawa mtu aliyezitia alikuwa yuleyule, na siku ilikuwa ileile.

Mengi yameandikwa juu ya kiti cha Rais katika habari hiyo. Mimi nasema juu ya ile karatasi ya tano. Ugomvi mkuu ulikuwa juu ya nani aitawale Zanzibar; lakini diwani, ambaye majirani walimtaka kwa ajili ya soko na taka, alifutwa pamoja na wakubwa, bila kuulizwa kama katika wadi yake palikuwa na ugomvi wowote. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Chama cha CUF, ambacho mwaka 1995 kilipata viti vyote 21 vya Wawakilishi vya Pemba, kikakataa kuingia, na CCM kikavichukua viti vya kisiwa hicho. Kwa hiyo wadi nyingi zilipata madiwani ambao majirani wengi hawakuwachagua, wala hawakuwakataa kwa kura. Walikaa majumbani tu. Sisemi kwamba madiwani hao walikuwa watu wabaya. Nasema walipewa kazi ngumu mno, maana atawezaje mtu kuwasemea wale ambao hawakumtuma?

Kasoro ya tatu ni yetu sisi wapiga kura, na haifai kuificha. Katika visiwa hivi watu wengi humchagua diwani kwa rangi ya bendera, wasimwulize neno juu ya kazi. Mtu mvivu akisimama kwa chama kipendwacho hupita, na mtu hodari wa chama kingine huanguka, ingawa kila mmoja kijijini ajua nani ndiye aliyewahi kukusanya watu wakafukua kisima. Desturi hii ina mizizi mirefu. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanywa Julai 1957, na miaka iliyofuata, ambayo wazee huiita Zama za Siasa, iliwafundisha watu kumhesabu jirani kuwa kura kwanza, na jirani baadaye. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na nchi nzima ikabaki nusu kwa nusu. Mahali ambapo kura moja yaweza kugeuza nchi, kila mlango hupelelezwa. Ndipo watu wakaanza kususiana: hawanunui duka moja, hawapandi gari moja, hawazikani.

Ugonjwa huo haukufa pamoja na zama zile. Ulirudi baada ya 1995, ukarudi tena baada ya marudio ya 2016, hata zikasikika habari za watu kunyimwa bidhaa dukani na nafasi chomboni, na za mikarafuu iliyokatwa. Mahali pakubwa, aliyesusiwa hapa huenda pale. Lakini fikirini, ndugu zangu, maana ya kususiana katika kisiwa kama Makoongwe. Mwenye mashua akikataa kumvusha mgonjwa kwa sababu ya kadi ya chama, hajamwadhibu Rais wala Tume. Amemwadhibu mama mwenye uchungu wa kuzaa, ambaye hospitali yake iko ng'ambo ya maji. Siasa ya wadi ikiwa nzuri hulinda jambo hili kwanza: kwamba chombo huvusha watu, hakivushi vyama.

Wako wasemao, Afadhali sheha ateuliwe, kwa kuwa katika visiwa vilivyogawanyika hivi, sheha wa kura atakuwa sheha wa chama, naye atawaonea walioshindwa. Hoja hii ina uzito, wala si ya kuchekwa. Lakini sheha wa kuteuliwa naye huhesabiwa kuwa wa chama, yaani chama cha wale waliomteua. Na tofauti ni kwamba watu hawana siku ya kumwambia, Imetosha.

Wengine husema, Basi tufanye kama Tanzania Bara, ambako mwenyekiti wa kijiji na wa mtaa huchaguliwa na wakaazi wenyewe, tena siku mbali na uchaguzi mkuu. Hili ni jema, nami nalisifu. Walakini tusiliige bila kufungua macho. Katika uchaguzi wa tarehe 24 Novemba 2019 huko Bara, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya siku ya kura, vyama vyao vikajitoa, na CCM kikapata zaidi ya viti 99 katika kila 100. Uchaguzi ambao mgombea hana mwenzake ni uteuzi uliovishwa nguo nyingine. Kwa hiyo dawa haimo katika sanduku la kura peke yake. Dawa ni kujibu: kwamba mwenye cheo cha karibu asimame mbele ya watu wa karibu, aulizwe, ajibu, na jibu lake liwe na matokeo.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, si kwa kujifanya mwanasheria, bali kwa kuwa kasoro zenyewe zaonyesha dawa yake.

Kwanza, uchaguzi wa madiwani utengwe na uchaguzi mkuu, ufanywe siku yake. Mwaka 2025, tarehe 29 Oktoba, karatasi ya diwani wa Zanzibar ilikwenda tena siku moja na karatasi za Marais. Ikiwa na siku yake, watu watapata nafasi ya kumtazama mgombea usoni, na ugomvi wa wakubwa hautaifuta kazi ya wadogo.

Pili, jina la atakayeteuliwa sheha lisomwe kwanza mbele ya wakaazi wa shehia, nao wapewe haki ya kulipinga kwa sababu zitakazoandikwa. Serikali haitapoteza mtumishi wake kwa jambo hili; itampata mtumishi anayekubalika.

Tatu, sheha asiwe mlango pekee wa kuthibitisha ukaazi. Palipo na kitambulisho au daftari, pawe na mtu mwingine wa kupelekewa malalamiko upesi, kabla daftari halijafungwa. Tena asiwe mbali, maana kwa mtu wa Makoongwe kila ofisi ya ng'ambo ni nauli na siku nzima ya kazi.

Nne, diwani na sheha wakae pamoja mbele ya watu wa shehia katika siku zinazojulikana, hesabu za baraza zisomwe kwa Kiswahili chepesi, na kila ahadi iliyotolewa iandikwe katika daftari litakaloletwa tena mkutano ujao. Hili halihitaji sheria mpya ili kuanza. Lahitaji watu wajuao kusoma na kuandika, wenye moyo wa kuuliza kwa adabu. Watu hao wapo katika kila kijiji, na ninyi msomao gazeti hili ni miongoni mwao.

Najua shauri hili la nne litaonekana dogo machoni pa wale waliozoea mikutano yenye ngoma na bendera. Lakini ahadi nyingi za kampeni hufa kwa sababu hazikuandikwa. Mgombea husema, Nitaleta maji. Watu hupiga vigelegele, wasiulize, Kutoka wapi, kwa fedha gani, mwaka gani? Miaka mitano baadaye husimama mwingine akayasema yaleyale, nao hushangilia tena. Ahadi iliyo katika daftari haifi namna hiyo. Hungoja kimya mpaka siku ya kusomwa, na siku hiyo aliyeiahidi hana pa kujificha.

Nami sitaki mtu adhani kwamba naidharau kura ya Rais. Nchi yataka kiongozi, na haki katika hesabu ya kura hiyo ni msingi wa amani yote. Ninalolipinga ni ile desturi ya kuyatazama ya mbali mpaka ya karibu yakaharibika. Uchaguzi mkuu ujao utakuwa mwaka 2030. Kabla ya kufika huko, mikutano ya shehia itakuwa mingi kwa wenye kuitaka, na kila mmoja utaweza kuuliza maswali haya matatu: Diwani wetu amesema nini barazani? Sheha wetu amefanya nini, na kwa amri ya nani? Je, mgonjwa wa usiku wa leo atavushwa, awe wa chama gani?