Diski Isiyomwacha Kaluyituka Njiani

Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kabangu alifunga dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85. Mwenye diski ya mechi hiyo, iliyochomwa nyumbani kutoka rekodi ya televisheni, akitaka kujua kama ni diski kweli au ni sahani ya kutishia njiwa, asipoteze muda na dakika za kwanza. Aende moja kwa moja kwa Kaluyituka.

Leza huanza kuandika karibu na tundu la katikati, kisha husogea kuelekea ukingoni. Filamu iliyojaza diski huwa na mwisho wake pembezoni kabisa, na huko ndiko mabaya yote hukutana: rangi ya kurekodia kwenye diski za bei ya chini haikutandazwa sawasawa, vidole vimeshika, na diski iliyopinda huyumba zaidi. Ndiyo maana diski mbovu hufunguka kwa adabu. Kwenye diski ya harusi, menyu inatokea, bibi harusi anaingia kanisani, kwaya inaimba. Keki ikiletwa tu, picha inaganda. Muuzaji humwonyesha mteja dakika mbili tatu za mwanzo. Mjuzi huomba rimoti.

Jaribio hilo lisifanywe kwenye kompyuta iliyochoma diski. Mashine hiyo husoma maandishi yake yenyewe kwa upendeleo, na hata programu inapotangaza kuwa imehakiki kila kitu, imehakiki kwa jicho lake tu. Ipelekwe kwenye deki kuukuu ya Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, iliyokula vumbi la kiangazi miaka kadhaa na ambayo lenzi yake haijawahi kusafishwa. Ikisomwa pale hadi mwisho, itasomwa popote.

Kabla ya deki, iangaliwe diski yenyewe. Jina lililochapwa juu halisemi mengi, kwa kuwa kampuni nyingi huweka nembo zao kwenye diski zilizotengenezwa na wengine. Ukweli umeandikwa ndani, katika msimbo wa mtengenezaji, ambao programu ya bure kama ImgBurn huuonyesha diski ikiwa bado tupu. MCC, kwa mfano, ni Mitsubishi Chemical, waliokuwa nyuma ya Verbatim. TYG ni Taiyo Yuden, kampuni ya Japani ambayo wachomaji wengi waliiheshimu kuliko zote, hadi ilipoacha biashara ya diski mwaka 2015. Nembo inayojulikana yenye msimbo usiojulikana ni sababu ya kutosha ya kurudisha boksi dukani. Kwa deki za zamani, DVD-R kwa kawaida husomeka kwa urahisi kuliko DVD+R.

Mwendo wa kuchoma nao una ushirikina wake. Wapo wanaoapa kwamba polepole kabisa ndiyo bora. Si hivyo: diski iliyotengenezwa kwa mwendo wa 16 haikutayarishwa kwa mwendo wa 1, na matokeo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Mwendo wa 8 au karibu na hapo hutosha. Adui mkubwa zaidi ni SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski isiyofutika haina dawa, kwa hiyo kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni chombo cha kuchomea bora kuliko ya mezani yenye nguvu mara mbili.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuburuta faili la filamu na kulitupa kwenye diski kama barua. Deki nyingi za Kichina zitakubali faili la DivX. Nyingine zitaandika kwamba diski ni mbaya, na ziko sahihi. DVD ya filamu ni muundo. Ikifunguliwa kwenye kompyuta, lazima ionekane folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yenye picha na sauti, kila moja lisilozidi gigabaiti 1, mafaili ya IFO yanayoielekeza deki, na BUP ambazo ni nakala za akiba za IFO. Programu kama DVDStyler hupanga hayo yote bila malipo.

Kisha huja hesabu, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Diski ya safu moja hubeba baiti bilioni 4.7, kompyuta itaonyesha gigabaiti 4.37, na hakuna aliyeibiwa, ni namna mbili za kuhesabu. Kanuni za DVD zinaruhusu picha hadi megabiti 9.8 kwa sekunde. Saa moja ya filamu inaweza kukaribia kiwango hicho. Saa mbili zikiwekwa, picha na sauti hugawana takriban megabiti 5.2, saa nne, 2.6. Sasa harusi ya Lubumbashi, na misa yake, na picha za bustanini, na ukumbi hadi usiku wa manane, haimaliziki kwa saa mbili. Mchomaji mvivu huisukumia yote ndani ya diski moja, na watu wanapocheza chini ya taa za rangi, nyuso zao zinageuka vijisanduku. Fundi hugawa diski mbili. Mteja akikataa kulipia ya pili, fundi hupunguza upana wa picha kutoka nukta 720 hadi 352, jambo ambalo kanuni za DVD zinaliruhusu: picha inakuwa laini kidogo, lakini haivunjiki.

Filamu fupi haina taabu hii. *Machini* ya Frank Mukunday na Tétshim, iliyotengenezwa Lubumbashi na kutoka mwaka 2019, ni ya dakika kama 10 hivi. Kazi ya urefu huo inaweza kupewa biti zote ambazo DVD inaruhusu na bado diski ikabaki karibu tupu.

Kanda za zamani ndizo zinazodanganya. Nyumba nyingi zilirekodi VHS enzi ambapo kundi la Mufwankolo, lililobeba jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, lilikuwa likichekesha mji kwa Kiswahili chake. Mwaka 1986 kundi hilo lilitayarisha kwa ajili ya televisheni mchezo *Le pouvoir se mange entier*, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaueleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Anayehamisha kanda za umri huo asidhani kwamba picha hafifu inahitaji biti chache. Chenga za VHS hubadilika kila wakati, na kompyuta haijui kuwa ni uchafu. Inazihesabu kama mwendo na kuzigharimia. Zisiposafishwa kwanza, chenga zitakula biti na mwigizaji atapata makombo.

Mwendo wa vitu ndani ya picha nao una mtego wake. Picha ya kamera nyingi za video imegawanyika nusu mbili, mistari shufwa na mistari witiri, na moja hutangulia nyingine. Kamera za kanda za DV hutanguliza nusu ya chini. Kamera nyingi za HD zilizofuata hutanguliza ya juu. Mchomaji akikosea mpangilio, kila kinachotembea kinatetemeka mbele na nyuma. Kompyuta mara nyingi huficha kosa hili, televisheni hailifichi. Na hakuna kipimo kizuri kuliko kipa wa Mazembe hiyo, Robert Kidiaba, akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio uwanjani. Akidunda kwa mapigo safi, mpangilio ni sahihi. Akionekana ana makalio mawili ya ziada, diski irudi kwa fundi.

Sauti husahauliwa. Iwe ya kilohezi 48; ile ya 44.1 inayotoka kwenye CD za muziki haimo katika kanuni za DVD, na deki nyingine huinyamazia. Midomo na maneno vilinganishwe tena mwishoni, maana sauti inayoachwa nyuma huachwa kidogo kidogo. Majina ya maharusi nayo yasisogee ukingoni mwa kioo: televisheni ya chogo hukata pembe, na shemeji ambaye herufi zake mbili zimeliwa hatanyamaza.

Hayo yote ni kwa filamu ya mtu mwenyewe au kazi aliyopewa na mwenye filamu. Kuuza filamu za wengine nchini Kongo kunaguswa na sheria-amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, hata diski iwe imechomwa kwa ustadi gani.

Karatasi ya kubandika yenye picha ya maharusi hupendwa sana na ni hasara. Ikikaa upande hata kidogo, diski inayozunguka kwa kasi hupoteza mizani, na deki huanza kunguruma. Kalamu ya wino wa maji inatosha. Na kabla familia haijaanza kugawana nakala, faili zima la ISO, yaani nakala kamili ya diski, libaki kwenye diski ngumu. Nakala ya kidijitali haififii kama VHS, lakini sehemu ambayo deki imeshindwa kuisoma haiwezi kunakiliwa tena.