Tazama Mwaka Kabla ya Herufi

Nimeonyeshwa senti ya Lincoln ya 1961, ya Denver, imefungwa ndani ya kasha la plastiki na kusifiwa kuwa RPM ya nguvu, yaani sarafu ambayo herufi yake ya kiwanda ilipigwa zaidi ya mara moja kwenye muhuri. Kwa bei iliyotajwa ningepata sarafu nzuri kweli. Ulikuwa mtelezo wa mashine tu, na jicho lililozoea kuusifu mtelezo litaipita kazi halisi bila kuitambua.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, herufi ya kiwanda ilipigwa kwa mkono. Fundi wa Philadelphia aliegemeza kijichuma chenye D au S juu ya muhuri, akagonga kwa nyundo, ndipo muhuri ukapelekwa Denver au San Francisco. Pigo likiwa hafifu, alirudia. Kijichuma kikisogea hata kwa unywele kabla ya pigo la pili, muhuri ulibaki na herufi mbili, na kila sarafu iliyotoka humo ilizibeba zote. Mtelezo hauhusiani na nyundo ile. Hutokea sarafu ikiwa imekwishapigwa: muhuri uliolegea huikwaruza wakati wa kuachana nayo.

Wanagenzi hukimbilia kuitafuta herufi ya pili. Anza na ile kuu. Je, ina unene wake wote? Kwenye RPM halisi D kuu ni nzima, na ya pili ni nyongeza juu yake: mgongo wake ni wa mviringo, na kati ya hizo mbili kuna kijifereji. Kwenye ncha za vikono vya D utakuta mpasuko mdogo, kikono kimoja kikiwa na ncha mbili. Kwenye herufi yenyewe, huo mpasuko ndio ninaoutafuta kwanza. Mtelezo, kinyume chake, umeipunguza D. Chuma chake kimesukumwa kando kama siagi chini ya kisu, herufi imekonda, na ubavuni pamebaki ngazi bapa, ya chini, inayong'aa kupita kiasi. Mng'ao huo ndio unaowafurahisha wanunuzi, nao ndio ushahidi dhidi ya sarafu. Tumia taa moja, iwe ya upande, na uizungushe sarafu polepole. Lenzi ya mara 10 yatosha. RPM isiyoonekana kwa lenzi hiyo haistahili nafasi kwenye albamu.

Mzee aliyenifunza alikuwa akiiziba D kwa kipande cha karatasi, kisha anauliza mwaka unasemaje. Tarakimu zikiwa na ngazi ileile, upande uleule, aliirudisha sarafu kwa mwenyewe bila neno. Kwenye senti ya Lincoln mwaka huwa umekwisha kuwamo kwenye muhuri kabla fundi hajashika nyundo, kwa hiyo kosa la mkono wake haliwezi kuugusa. Usikipeleke kipimo hiki kwenye dola za Morgan, maana huko hata mwaka ulipigwa kwa mkono.

Mwenye kutaka kulifunza jicho aanze na kazi kubwa. Kuna dola ya 1900 ya New Orleans yenye O iliyopigwa juu ya CC, kwa kuwa Carson City ilikwisha kuacha kupiga sarafu na mihuri yake haikutupwa. Kuna senti 5 ya Buffalo ya 1938 yenye D juu ya S. Kuna senti ya 1909 yenye S iliyosimama juu ya S iliyolala, na kwangu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. S huonyesha kosa kwa uzuri ambao D haiufikii. John Wexler na Tom Miller walizikusanya aina hizi kitabuni, muhuri kwa muhuri, wakati watu walikuwa bado na subira ya kulinganisha mikwaruzo ya muhuri kabla ya kutangaza bei. Siku hizi picha ya simu, yenye ukungu, inatosha kumfanya mtu atoe fedha.

Matapeli nao wana ufundi wao. Wapo waliogundisha S kwenye senti ya 1909 yenye herufi VDB, na wapo waliotoboa ukingo wa sarafu ya Buffalo wakaisukuma herufi itokeze kutoka ndani. Wa RPM hutumia sindano: huchimba pembeni mwa D mpaka ionekane kama ina mwenzake. Kwa hiyo ukimaliza na herufi, kagua uwanja unaoizunguka. Mng'ao wa asili hufika hadi mguuni mwa herufi bila kukatika. Ukikatika kwa vijistari vinavyokwenda ovyo, sindano imepita hapo. Na kabla hujalipa, geuza sarafu, ukague ukingo wake wote.